Mama Vioo Anajibu: Dirisha la binti aliyezama

Mwezi huu barua nyingi zilizofika dukani kwangu Kirumba ni za makanisa. Wenye magari yenye vioo vilivyopasuka na wenye milango ya aluminiamu isiyofunga wanisubiri toleo lijalo. Barua ya Nansio nimeijibu kwa kirefu. Nyingine nimezijibu kwa kadiri zilivyohitaji.

SWALI: Mama Vioo, kanisa letu hapa Sengerema limeshapauliwa, tumebakiza madirisha. Kijana mmoja kutoka mjini anasema atatubandikia stika zenye picha za mitume juu ya kioo cha kawaida, na hatutaona tofauti na vioo vya rangi vya Ulaya. Tumpe kazi?
Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Sengerema

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, tofauti mtaiona, ila si siku ya uzinduzi. Stika ni plastiki iliyopigwa chapa. Kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi au la jioni, nyekundu na njano ndizo hutangulia kufifia, na baada ya muda mitume wote wanabaki na nyuso za bluu. Kisha kingo zinaanza kunyanyuka, vumbi linaingia chini yake, na hapo hakuna wa kulisafisha.

Kioo cha rangi cha kweli hakipakwi rangi kwa juu. Rangi iko ndani yake. Inatiwa wakati kioo bado kinayeyushwa tanuruni: kobalti hutoa bluu, shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyoendeshwa, manganizi hutoa zambarau. Na ninyi mlio jirani na Geita mtafurahi kusikia kwamba dhahabu kidogo sana ikiyeyushwa ndani ya kioo hutoa wekundu mzuri kupita wote. Nyuso, nywele na mikunjo ya nguo huchorwa kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma, kisha kioo kinarudishwa motoni kwenye joto linalozidi nyuzi 600 mpaka mchoro ushikane nacho. Rangi ya namna hiyo haibanduki kwa kucha.

Kama fedha haitoshi, wekeni kioo cheupe chenye maua maua, madirisha yote, kanisa liwe na mwanga wa kusomea Biblia. Stika, kama lazima, bandikeni pale paa linapotia kivuli. Na msiwaambie waumini kwamba imetoka Ulaya.

SWALI: Shikamoo Mama Vioo. Mdogo wetu wa mwisho alizama mtumbwi ulipopinduka akirudi kutoka gulioni. Familia tumechanga fedha tuweke dirisha la kumbukumbu kanisani kwetu. Binamu yetu anayesoma Uingereza ametutumia picha ya dirisha la kanisa dogo la kijijini, lote bluu, na chini kuna msichana amelala majini. Mama alipoiona alilia, halafu akasema anataka hilohilo. Wazee wa kanisa wamegawanyika. Wengine wanasema picha ya mtu aliyezama haifai kuwekwa mbele ya waumini, wengine wanasema picha yoyote ni sanamu. Dirisha lile ni la nani, na je, linaweza kutengenezwa hapa?
Dada mkubwa, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Watu wa pande hizi hatuhitaji kuelezwa maji yanafanya nini. Mwanza tuna makaburi ya Igoma, ya waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Ninyi wa Ukerewe mna msiba wa MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mtumbwi wa mdogo wenu haukutangazwa redioni, lakini matanga ni matanga.

Dirisha hilo nalijua, nimesimama mbele yake. Ni la kanisa la Watakatifu Wote katika kijiji cha Tudeley, huko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Nilifika na msafara wa kina mama wa kanisa. Wenzangu walikuwa wakiulizana chai itanywewa wapi, mimi nimechuchumaa natazama risasi, si ya bunduki bali yale madini laini ya mikanda inayoshika vipande vya kioo, ilivyounganishwa kwenye kona. Kanisa lenyewe ukilipita barabarani huligeukii: dogo, mnara wa matofali, mashamba pande zote. Mpaka ufungue mlango.

Aliyezama aliitwa Sarah d'Avigdor-Goldsmid, binti wa miaka 21. Mwaka 1963 alikwenda baharini na rafiki zake kwa mashua ya tanga, karibu na mji wa Rye, mashua ikapata ajali, akafa maji. Miaka miwili kabla ya hapo yeye na mama yake walikuwa wameona mjini Paris maonyesho ya vioo vya mchoraji Marc Chagall, vile alivyovitengeneza kwa ajili ya sinagogi la hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, wakavipenda mno. Wazazi walipotaka kumkumbuka binti yao, wakamwendea Chagall huyohuyo. Alikubali dirisha moja tu, la mashariki, nyuma ya madhabahu. Lilipowekwa mwaka 1967 alikuja mwenyewe, akalipenda kanisa, akasema atayafanya yote. Na kweli akayafanya. Yako 12, na ya mwisho yaliwekwa mwaka 1985, mwaka aliofariki akiwa na miaka 97. Ndilo kanisa pekee duniani ambalo madirisha yake yote ni ya mkono wa Chagall. Vioo vya zamani vilivyoondolewa kuyapisha haya havikutupwa, vilihamishiwa kwenye chumba cha mavazi. Hilo lilinifurahisha kuliko hotuba ya mwenyeji wetu.

Wasomeeni wazee hili nalo. Chagall alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk, ambako leo ni Belarus. Baba yake Sarah naye alikuwa Myahudi, mama yake Mwanglikana. Yaani Myahudi alimchora Kristo msalabani, kwa ajili ya binti wa Myahudi, ndani ya kanisa la Waanglikana la kijijini. Nina hakika vikao vilikuwepo, maana parokia ni parokia popote.

Binamu yenu, naona, amepiga picha ya sehemu ya chini tu. Mwambieni arudi apige lote. Chini, ndiyo, binti amelala katikati ya mawimbi na wapo wanaomlilia. Lakini jicho halibaki hapo. Kuna mama na watoto, kuna farasi mwekundu na mpandaji wake, kuna ngazi, na juu kabisa yuko Kristo. Dirisha linasomwa kutoka chini kwenda juu. Mzee anayesema picha ya aliyezama haifai huenda ameonyeshwa robo tu ya dirisha, na kwa robo hiyo hata mimi ningesita.

Sasa swali la fundi. Linaweza kutengenezwa hapa? Hilo lenyewe, hapana. Chagall hakukata vioo mwenyewe. Alichora vielelezo, na kazi ya vioo ikafanywa na Charles Marq katika karakana yake mjini Reims, Ufaransa. Marq alitumia kioo chenye matabaka mawili, mwili mweupe na juu yake tabaka jembamba la rangi. Ukipaka asidi, tabaka la juu linaliwa polepole. Ukiiondoa mapema bluu inapungua kidogo, ukiiacha inafika nyeupe kabisa. Ndiyo sababu kipande kimoja cha Tudeley kina bluu nyingi ndani yake bila mkanda wa risasi kupita katikati. Baada ya hapo Chagall alikuja kuchora juu yake kwa brashi. Hiyo asidi inaitwa haidrofloriki. Inapenya ngozi, na mara nyingine huisikii mpaka imeshafika mbali, na hula hadi mfupa. Kijana yeyote akijitolea kuijaribu uani kwake, mkatazeni.

Na hata ningekuwa na karakana ya Reims hapa Kirumba, nisingewanakilia dirisha lile, kwa sababu jua la Kent si jua la Nansio. Kent iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba, saa sita mchana, jua lao limeinuka nyuzi 15 hivi tu na linapita upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini kwa miezi mingi hauguswi na jua kabisa. Mwanga wao ni mpole, wa kijivu, na mchoraji wa vioo anautafuta kwa shida. Kwa mwanga huo bluu nyepesi inaimba. Ninyi mko nyuzi kama mbili tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko juu ya bati, dirisha halilioni. Dirisha linaona jua la asubuhi au la jioni, na hilo linaingia limelala, kali, jeupe, likiwa na mng'ao wa ziwa pia kama mko ufukweni. Bluu ya Tudeley mkiileta kwenye mwanga huo itaonekana kama kioo ambacho hakijafutwa. Kwetu rangi iwe nzito, karibu na giza, ndipo jua liifungue.

Tena kuna suala la kuta. Waingereza wa zamani walijenga makanisa yao madhabahu ikiwa mashariki, kwa hiyo dirisha kubwa la nyuma ya madhabahu hupata jua linapochomoza. Sisi kanisa linaelekea barabara ilipo, au kiwanja kilivyokatwa na mpimaji. Kabla hamjachora chochote, mmoja wenu achukue kiti akae kanisani siku moja nzima, aandike jua linaingia ukuta upi saa ngapi na linatoka saa ngapi. Kama mna ukuta wa mashariki usiofunikwa na mwembe wala baraza, dirisha litawaka tangu kama saa moja asubuhi hadi saa nne hivi. Watu wa ibada ya kwanza watalifaidi, watu wa ibada ya pili watalikuta limetulia. Kama ukuta mliopewa ni wa kaskazini au wa kusini chini ya paa refu, rudisheni fedha kwanza tuongee.

Nirudi kwa wazee, wale wa sanamu. Msiwaone washamba, wana wenzao wa siku nyingi, tena hukohuko Uingereza. Amri za kuondoa picha makanisani zilitolewa mwaka 1547, enzi za Mfalme Edward wa Sita. Halafu mwaka 1643 na 1644, wakati wa vita vya mfalme na Bunge, alikuwepo bwana mmoja, William Dowsing, aliyetumwa kuzunguka Cambridgeshire na Suffolk akivunja picha. Alikuwa na daftari, akiandika kanisa baada ya kanisa amevunja nini, na makanisa aliyopita yalizidi 200. Mafundi wengi wa karne za nyuma kazi zao ziliishia sakafuni namna hiyo. Ndiyo maana watu wanasafiri kwenda Fairford, Gloucestershire, kanisa la parokia lenye madirisha 28 ya mwanzoni mwa miaka ya 1500 ambayo yamebaki. Kama Dowsing angezaliwa Fairford, wasingekuwa na la kuonyesha.

Kwa hiyo hoja ya wazee wenu ina umri mkubwa kuliko ukuta wenu, na sidhani mtaimaliza kwa kikao kimoja. Ila ipo njia nyingine, na kwa kweli mimi naipenda kuliko zote. Katika kijiji cha Moreton, Dorset, bomu la Wajerumani lilianguka kando ya kanisa mwezi Oktoba 1940 na kuvunja madirisha. Baada ya vita hawakurudisha vioo vya rangi. Walimpa kazi Laurence Whistler, aliyechonga michoro kwenye kioo cheupe, na kuanzia mwaka 1955 aliendelea kwa miaka karibu 30 hadi madirisha yote yakawa ya mkono wake. Hakuna rangi hata moja. Ni mistari myeupe iliyochanjwa juu ya kioo, na nyuma yake unaona miti iliyo nje. (Dirisha lake moja, la Yuda Iskariote, parokia ililikataa kwa miaka mingi, likawekwa mwaka 2014, mwenyewe ameshafariki. Msidhani ni kamati yenu tu.) Kama kanisa lenu liko ninakokudhania, nje ya dirisha lenu kuna ziwa. Kioo cheupe kilichochanjwa jina la mdogo wenu, na nyuma yake ziwa lenyewe, si sanamu kwa mzee yeyote ninayemfahamu. Mashine ya kupigia mchanga kwenye kioo ipo mjini hapa, ndiyo hiyo inayoandika majina ya maduka kwenye milango ya vioo.

Lakini mama anataka bluu. Mkalisheni mumwulize pole pole, alilia kwa sababu ya msichana aliye majini au kwa sababu ya ile bluu? Akisema msichana, mna kazi na wazee. Akisema bluu, mambo ni mepesi zaidi: dirisha jembamba, refu, lisilo na mtu, chini bluu nzito, likipanda linapungua mpaka juu pawe peupe, na kipande kimoja cha nyekundu mahali atakapochagua yeye. Mimi ningefanya hilo.

Vioo vyenyewe vitaagizwa, dukani kwangu sina na sioni aibu. Karne ya 7 Waingereza walipotaka vioo vya kwanza vya makanisa, abati Benedict Biscop aliagiza mafundi kutoka nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwa sababu kisiwani kwake hapakuwa na aliyejua kazi hiyo. Kukata na kuunga tunaweza hapa. Vipande vinashikwa na mikanda ya risasi yenye umbo la herufi H, maungio yanalehemiwa pande zote mbili, halafu puti inasukumwa chini ya mikanda ili maji yasipite. Risasi ni sumu: wasiikate watoto, na anayeikata anawe mikono kabla ya kugusa ugali.

Adui yenu mkubwa atakuwa upepo. Mnaijua dhoruba ya ziwani inavyopiga. Fairford niliyoitaja, dirisha lake kubwa la magharibi, lile la Siku ya Hukumu, lilibomolewa sehemu ya juu na dhoruba ya mwaka 1703. Kioo cha risasi ni laini, kinasukumika. Kwa hiyo dirisha ligawanywe paneli fupi fupi, kila penye maungio ya paneli pawe na nondo iliyoingia ukutani kulia na kushoto, na paneli ifungwe kwenye nondo hiyo kwa waya wa shaba uliolehemiwa kwenye risasi. Fundi wa madirisha ya kawaida ataziona nondo akaona zinaharibu sura, ataziacha. Simameni juu yake. Nje wekeni wavu wa waya, maana mkoa huu mtoto hatafuti jiwe mbali.

Mwisho, pateni kibali kwa maandishi. Katika Kanisa la Uingereza hata uwe tajiri huwezi kuingiza dirisha kanisani kwa hisani yako tu. Baraza la parokia linajadili, kisha mwanasheria wa dayosisi ndiye anayetoa kibali rasmi. Ninyi pia msitegemee neno la mchungaji mmoja, wachungaji wanahamishwa. Bei sitaji hapa. Anayetaja bei ya kazi hii kwa simu bila kuona ukuta anakisia. Nikija Nansio nitakuja na futi yangu.

SWALI: Mama Vioo, mwalimu wetu amesema kioo ni kimiminika kama uji mzito, kinashuka polepole, ndiyo maana vioo vya makanisa ya kale Ulaya ni vinene chini kuliko juu. Ni kweli?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nyegezi

JIBU: Mjukuu wangu, mwalimu ni wa kuheshimiwa, lakini hapo amelishwa hadithi. Ni kweli kwamba baadhi ya vioo vya kale ni vinene upande mmoja. Sababu iko kwenye utengenezaji. Zamani hapakuwa na mashine ya kutoa kioo bapa. Njia mojawapo ilikuwa kupuliza tufe la kioo cha moto, kulifungua na kulizungusha kwa kasi mpaka likatandazika likawa sahani kubwa. Sahani hiyo haikuwa na unene mmoja, na vipande vilivyokatwa humo vilikuwa na upande mzito na upande mwepesi. Fundi akiwa na akili anaweka upande mzito chini. Si wote walikuwa na akili, kwa hiyo vipo vilivyo vinene juu, na vipo vilivyo vinene ubavuni. Kama ni kutiririka, hivyo vilitiririka kwenda wapi?

Mwaka 1998 mtafiti wa Brazil, Edgar Zanotto, alipiga hesabu ya muda ambao kioo kingehitaji kujongea kwenye joto la kawaida, akapata muda unaozidi umri wa ulimwengu kwa mbali mno. Na huko Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, kanisa la Mtakatifu Paulo lina kidirisha kilichoundwa kwa vipande vya kioo vya karne ya 7 vilivyofukuliwa ardhini. Havijajongea popote.

Kinachojongea ni risasi. Ikipata joto inapanuka karibu mara tatu zaidi ya kioo, ikipoa haijirudii vizuri, na miaka inavyokwenda dirisha linaota kitambi. Ukiona dirisha la kale limebinuka, laumu mkanda. Mwulize mwalimu swali la vile vioo vinene juu, kwa adabu, mbele ya darasa kama anapenda majadiliano, ofisini kama hapendi.

SWALI: Mimi ni mtunza sakristia. Kanisa letu lina dirisha moja la zamani la vioo vya rangi, lililoachwa na wamisionari. Wale wadudu wa ziwani wakija wanaganda kwenye kioo, na dada wa usafi anataka kulisugua kwa sabuni ya unga na ile dawa ya vioo ya kupuliza. Nimemzuia. Nimekosea?
Mtunza sakristia, Bukoba

JIBU: Hujakosea, endelea kumzuia. Michoro ya nyuso na maandishi kwa kawaida iko upande wa ndani wa kioo, na kama haikuchomwa vizuri siku ile, kitambaa chenye maji kinaweza kuondoka na jicho la mtakatifu. Dawa za kupuliza nyingi zina amonia, usizikaribishe kabisa, wala steelwaya, wala wembe wa kukwangulia.

Wadudu waache wakauke. Upande wa nje, wasukume kwa brashi laini ya kupakia rangi, mpya, isiyo na mafuta. Upande wa ndani gusa vumbi tu, kwa brashi hiyohiyo, na kabla hujaanza washa tochi ya simu uiweke ubavuni mwa kioo utazame kama michoro inabanduka magamba. Ikibanduka, acha, usiguse hata kwa brashi. Taa za nje za usiku zizimwe msimu wa wadudu, ndizo zinazowaita. Na kama kuna kipande kilishaanguka, usikitupe wala usikigundishe kwa supaglu. Kifunge kwenye gazeti, andika juu yake kilikotoka, safu ya ngapi kutoka chini, kulia au kushoto, ukiweke kabatini mpaka fundi aje.